Kabla hujauza Camry ununue spoti, shika boneti

Mkuu, usilipe. Umeandika kwamba muuzaji amekuletea hiyo spoti ya 2016 hadi mlangoni, ukaiwasha, ikanguruma tamu. Uligusa boneti kabla hujawasha? Kama ameiendesha kuja kwako, umewasha injini ya moto, na injini ya moto haisemi ukweli.

Nilikuwa na sedani kama yako, Camry ya 2004, lita 2.4, haina turbo (kile kifeni kinachosukumia injini hewa zaidi), siti ya nyuma imejaa michoro ya kalamu ya watoto. Nikaiuza, nikachukua turbo ya milango miwili, changa kwa miaka 10, kilomita chache. Nilipofika kuiona niliikuta inaunguruma, AC inapuliza, nikasema huyu bwana mkarimu kweli. Mkarimu wa nini! Alikuwa anaficha kelele.

Asubuhi ya kwanza nayo, nawasha: krrrrr! Kama mtu anatikisa kopo la misumari. Sekunde tatu hivi, kimya. Nikajiambia ndiyo sauti ya spoti hiyo. (Cheka tu, nimeshazoea.) Fundi niliyempigia simu hata hakutaka kuiona: "Turbo zote ziko hivyo, wewe endesha." Huyo naye Mungu anamwona.

Kumbe cheni ya taimingi, ile inayofanya vali zifunguke na kufunga kwa wakati wake, imelegea. Tenshena, kile kidude kinachoikaza, inasukumwa na presha ya oili. Gari likilala oili inashuka, cheni iliyochoka inapwaya mpaka pampu ipandishe presha. Ikishapata moto husikii kitu, hata ulaze sikio juu yake. Mwezi wa tatu, nikiwa kwenye mataa, cheni ikaruka meno, pistoni zikagonga vali. Nyuma honi, ndani mimi na miwani ya jua kama mtu wa maana. Walipofungua kifuniko cha juu, oili ilikuwa imeganda nyeusi kama lami. Mwenyewe wa kwanza alikuwa haimwagi, anaongezea tu! Turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na inategemea oili hiyohiyo. Camry niliichelewesha sevisi mara ngapi sijui, ikawa inanisamehe tu.

Kwa hiyo nenda wewe kwake, alfajiri, usimwambie saa. Weka kiganja kwenye boneti. Ya moto? Aga, urudi siku nyingine. Ya baridi? Zima redio, shusha vioo, washa, sikiliza sekunde 5 za mwanzo, halafu zunguka nyuma uone kama inatoa moshi wa bluu, yaani inaunguza oili. Akikwambia "nilikuwa naipasha ili usisumbuke", mshukuru uondoke.

Sijui uliuliza pia bima, na kiti cha mtoto, na ipi inakunywa mafuta. Kiti kinaingia nyuma, ila mgongo wako ndio utajuta. Mafuta? Yangu iko juu ya mawe, hainywi hata tone.

Sasa nijibu: uligusa boneti au hukugusa?