Maswali ya Wasomaji: Kituo cha Kwanza cha Kazi na Pengo Kabla ya Mshahara

Barua za safari hii zinahusu jambo moja, yaani fedha anazozihitaji mhitimu ili afike kituo chake cha kwanza cha kazi na aweze kuishi huko mpaka mshahara utakapoanza kuingia. Tumechagua tatu. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu maswali yake yanarudiwa na wengi.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni binti mwenye shahada ya ualimu, ninaishi kwa wazazi wangu Muheza, mkoani Tanga. Baada ya kukaa nyumbani miaka mitatu nikifundisha masomo ya ziada mtaani, nimepangiwa shule ya sekondari katika Wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa, na ninatakiwa kuripoti ndani ya siku 14. Nina akiba ya shilingi 650,000. Kaka yangu anasema ninunue kabisa kitanda, godoro, jiko la gesi na kabati hapa Muheza, vipakiwe kwenye lori. Mjomba anasema nisihangaike kwa kuwa serikali hulipa kila kitu. Rafiki yangu naye amenionyesha programu ya simu inayokopesha bila dhamana. Nimfuate nani?
*Mwalimu mpya, Muheza*

JIBU: Marahaba, binti yangu, na hongera kwa kupata kazi. Katika hao watatu, mjomba wako ana ukweli nusu, kaka yako ana haraka, na rafiki yako usimfuate hata kidogo.

Nianze na mjomba. Mtumishi wa umma anayeripoti kwa ajira ya kwanza analipwa nauli ya kufika kituoni pamoja na posho ya kujikimu, ambayo kwa walimu wapya imekuwa ikihesabiwa kwa siku 7. Hiyo ni stahili yako, wala hupaswi kuiomba kwa unyenyekevu kana kwamba unafadhiliwa. Hata hivyo, hulipwa na halmashauri baada ya wewe kufika na kukamilisha taratibu za kuripoti, kwa hiyo nauli ya kukufikisha huko itatoka kwanza kwenye mkoba wako. Mjomba wako huenda pia amewasikia walimu wakongwe wakizungumzia posho ya usumbufu na fedha za kusafirishia mizigo ya familia. Hayo ni madai ya mtumishi anayehamishwa kutoka kituo kimoja kwenda kingine, nawe bado hujafikia huko. Tunza kila tiketi, kuanzia ya Muheza hadi ya basi dogo la mwisho litakalokufikisha Namanyere, yaliko makao makuu ya wilaya. Ukishafika, andika madai yako kwa barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Madai ya mdomo hayana siku ya kuzaliwa, na ukirudi kuyaulizia baada ya miezi mitatu utamkuta ofisa mwingine mezani.

Sasa kuhusu kitanda na kabati. Kutoka Muheza hadi Nkasi ni kuikata nchi kutoka pwani ya mashariki hadi karibu na mpaka wa magharibi: Dar es Salaam, Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, Sumbawanga, kisha Namanyere. Kabati la mbao likisafirishwa umbali huo linaweza kukugharimu zaidi ya lile ambalo fundi wa huko angekutengenezea, na huenda likafika limevunjika miguu. Isitoshe, bado hujui utaishi wapi. Wilaya ya Nkasi ina sura mbili: sehemu za juu, katika nyanda za Ufipa, zina baridi kali hasa mwezi wa Juni na Julai, na mtu aliyezoea hewa ya Tanga atahitaji blanketi zito na sweta, lakini ukipangiwa shule ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kama vile upande wa Kirando, utateremka hadi karibu mita 770 kutoka usawa wa bahari, kwenye joto na mbu, na huko chandarua ndicho kitakachokufaa. Subiri uione shule ndipo ununue. Beba shuka mbili, sweta moja, vyombo vichache vya kupikia, na bahasha yenye vyeti halisi na nakala zake, cheti cha kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha taifa, taarifa za akaunti ya benki na picha ndogo. Hiyo bahasha isiwekwe kwenye buti la basi. Kaa nayo mapajani.

Vilevile, kabla ya kumtafuta mwenye nyumba, muulize mkuu wa shule kama kuna nyumba ya walimu, au kama yupo mwalimu wa kike anayeishi peke yake ambaye mnaweza kuchangia naye kodi. Usione haya kufikia kwake siku za mwanzo, ila tangu wiki ya kwanza uchangie unga na mafuta, maana wahenga walikwisha kusema kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Gharama kubwa kuliko zote, ambayo hakuna kati ya washauri wako aliyeigusa, ni pengo kati ya siku utakayoripoti na siku mshahara wa kwanza utakapoingia. Ofisa utumishi anapaswa kwanza kuingiza taarifa zako kwenye mfumo wa mishahara, na ukiripoti baada ya hesabu za mwezi huo kufungwa, jina lako linasubiri mwezi unaofuata. Kasoro ndogo, kama vile jina lililoandikwa tofauti kwenye cheti na kwenye kitambulisho, inaweza kusogeza mambo mbele zaidi. Siku ulizofanya kazi hazipotei, kwa kuwa hulipwa baadaye kama malimbikizo, lakini muuza dagaa hapokei malimbikizo. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi, miaka mingi iliyopita, nilikula miezi miwili kwa daftari la dukani, na bei zilizoandikwa kwenye daftari hilo hazikuwa zile walizolipa wenye fedha mkononi.

Tupige hesabu yako basi, kwa miezi miwili. Nauli pamoja na usiku mmoja wa kulala njiani, tuseme 130,000. Chakula na matumizi madogo kwa shilingi 6,000 kwa siku ni 180,000 kwa mwezi, yaani 360,000. Chumba cha 30,000, ukifanikiwa kumshawishi mwenye nyumba apokee kodi ya miezi mitatu badala ya sita, ni 90,000. Godoro, ndoo, jiko la mkaa na sufuria, 120,000. Jumla ni 700,000, nawe una 650,000. Pungufu ni shilingi 50,000, nayo inazibika kwa kulalia mkeka na godoro jembamba kwa muda, au kwa kuwaomba wazazi wakukopeshe kiasi hicho mpaka posho itakapolipwa. Lakini ukinunua kitanda na kabati leo, utafika Namanyere ukiwa na samani nzuri bila fedha ya unga.

Hapo ndipo programu ya rafiki yako itakapokuwa inakusubiri. Mikopo hiyo haikuitwa kausha damu kwa mzaha. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na baadhi ya wakopeshaji wa aina hiyo wamekuwa na tabia ya kuwapigia watu waliomo kwenye simu ya mkopaji ili kumwaibisha. Fikiria mkuu wako mpya wa shule akipigiwa simu ya namna hiyo katika wiki yako ya tatu kazini. Ukilazimika kukopa, kopa kwa mtu unayemjua na mwandikiane.

SWALI: Ndugu Mshauri, nimehitimu uhasibu nikiwa Iringa, na kampuni moja binafsi ya Mwanza imenisaili kwa simu na kunipa kazi. Wamesema nauli na makazi ni juu yangu. Mkataba wanaotaka niusaini unasema mahali nilipoajiriwa ni Mwanza, ingawa mimi sijawahi kukanyaga huko. Je, hilo lina madhara yoyote?
*Mhasibu, Iringa*

JIBU: Lina madhara, na ni vizuri umeliona kabla ya kusaini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi ambayo ndani yake, pamoja na kazi, tarehe ya kuanza na ujira, kuna mahali pa kuajiriwa na mahali pa kufanyia kazi. Hayo ni mambo mawili tofauti, na wengi hudhani ni kitu kimoja. Tofauti yake hujitokeza siku mkataba unapokoma: kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri, endapo ajira imesitishwa mahali pasipokuwa pale mfanyakazi alipoajiriwa, amsafirishe yeye na mizigo yake kumrudisha, au alipe gharama za usafiri huo, na pia amlipe fedha za kujikimu kwa kipindi anachosubiri kusafirishwa. Ukikubali kuandikwa kwamba uliajiriwa Mwanza na kufanya kazi Mwanza, unakuwa umejivua haki hiyo kwa kalamu yako mwenyewe. Waandikie kwa adabu kwamba ulisailiwa na kukubali kazi ukiwa Iringa, na uombe sehemu hiyo irekebishwe. Huu ni wakati wa kueleza, si wa kugombana. Mara nyingi ni fomu ya zamani iliyojazwa bila kufikiri.

Kuhusu nauli ya kwenda, sheria haiwabani kama inavyowabana katika kurudi, kwa hiyo hapo ni maelewano. Usiombe tu wakusaidie. Omba kitu chenye kiasi na tarehe, kwa mfano sehemu ya mshahara wa mwezi wa kwanza itolewe mapema na ikatwe kwa awamu tatu, au wakulipie nyumba ya wageni kwa wiki mbili wakati unatafuta chumba. Hizo wiki mbili zina thamani kubwa kuliko zinavyoonekana, kwani mgeni anayetafuta chumba akiwa na mabegi mkononi hukubali cha kwanza anachoonyeshwa. Mijini wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita, na dalali hutaka ujira wake unaolingana na kodi ya mwezi mmoja; chumba cha 80,000 kinakuwa kimekula 560,000 kabla hujatandika kitanda. Kagua pia mita ya umeme ni ya wapangaji wangapi.

SWALI: Mwanangu ameajiriwa serikalini, ofisi ya wilaya, mwezi wa nne sasa. Barua yake ilionyesha mshahara wa shilingi 800,000, lakini bado ananiomba fedha ya kodi. Nina wasiwasi ameanza ulevi. Nifanye nini?
*Mzazi, Kondoa*

JIBU: Mzee wangu, usimhukumu kabla hujaiona hati yake ya mshahara. Katika hizo 800,000, mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii wa asilimia 5 ni 40,000. Bima ya afya, asilimia 3, ni 24,000. Kodi ya mapato kwa kiasi kinachobaki baada ya kutoa mchango wa hifadhi ni 68,000. Na kama alisoma kwa mkopo wa serikali, Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 120,000. Makato yote ni 252,000, na kinachomfikia ni 548,000, kabla ya ada ya chama cha wafanyakazi kama amejiunga. Ikiwa mshahara ulianza kuingia mwezi wa tatu, basi miezi miwili ya mwanzo aliishi kwa kukopa, na sasa analipa madeni hayo huku mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi mingine mbele. Muulize kama malimbikizo ya miezi hiyo miwili yamelipwa. Kama hayajalipwa, mpe fedha hiyo ya kodi kama mkopo, mkubaliane kwamba atairudisha siku malimbikizo yatakapoingia. Kama yamelipwa na bado anaomba, hapo ndipo upande basi ukamtembelee.