Bondia Asiye na Mkanda: Namna Ninavyompima

Kila ubishi wa ndondi ukipamba moto, hatakosekana mtu wa kuufunga kwa swali moja: "Kwani huyo alichukua mkanda gani?" Ukikosa mkanda wa kutaja, unahesabiwa umeshindwa. Mimi huwa sikubali kirahisi hivyo, na nikitakiwa mfano humtaja Jerry Quarry, Mmarekani wa uzito wa juu aliyetamba mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa ile ya 1970. Alipigana mapambano 66 ya kulipwa, akashinda 53, kati ya hayo 32 kwa KO (mpinzani kushindwa kuendelea), akapoteza 9 na kutoka sare 4. Aliwania ubingwa wa dunia mara mbili, akaukosa mara zote mbili. Anayetaka kujifunza kumpima bondia wa namna hii aanze naye, maana karibu kila kinachoweza kukupotosha utakikuta kwake.

Kabla hata ya kufungua rekodi, angalia mikanda ilikuwa mingapi enzi zake. Siku hizi kuna mashirika manne makubwa yanayotoa ubingwa, WBA, WBC, IBF na WBO, na kila shirika lina bingwa wake. IBF ilianza 1983 na WBO 1988, kwa hiyo kijana wa zama za Quarry alikuwa na milango miwili tu ya kubisha, tena muda mwingi ulikuwa mmoja. Uzito wa cruiser, ulio chini tu ya uzito wa juu na ambao kikomo chake leo ni kilo 90.7, haukuwepo. Quarry alikuwa na kilo kama 90 na alilazimika kukutana na majitu. Hapo ndipo watu hurukia kusema, "Leo angekuwa bingwa." Hoja hiyo siipendi. Unamchukua mtu kutoka zama zake na sifa zake zote, halafu unawaacha nyuma waliompiga. Mpime alipokuwa.

Jambo la pili ni kutenganisha aliyenyimwa na aliyekosa. Sam Langford wa Kanada alipigana na Jack Johnson mwaka 1906, akashindwa kwa pointi. Johnson alipotwaa ubingwa mwaka 1908 hakumpa tena nafasi, huku Langford akiendelea kuwapiga watu wa uzito wowote waliokubali kupanda naye ulingoni. Charley Burley wa Pittsburgh alimshinda Archie Moore mwaka 1944 na kumwangusha zaidi ya mara moja. Moore alikuja kuwa bingwa wa dunia. Burley hakuwahi kupewa hata pambano moja la kuwania ubingwa, akaishia kufanya kazi ya kuzoa taka mjini kwake. Kwa watu hawa swali la mkanda halina maana, kwa sababu mlango ulifungwa, na rangi ya ngozi yao ilichangia sana kuufunga. Ukimweka Burley kundi moja na mtu aliyepewa nafasi mbili akazipoteza, huwatendei haki wote wawili.

Quarry hakunyimwa. Yeye alikosa, na hapo kazi inakuwa ngumu zaidi, kwa sababu inabidi ujue alikosaje.

Mimi huanza na majina ya aliowashinda na hali waliyokuwa nayo siku ile. Ushindi 53 peke yake hauniambii kitu. Mabondia wenye rekodi nono iliyojengwa kwa kupiga watu wa kuokoteza wamejaa tele. Ninachotafuta ni watu waliokuwa hawajapigwa, au waliokuja kufika juu baadaye. David Tua ni mfano mzuri: mwaka 2000 alishindwa kwa pointi na Lennox Lewis, bingwa wa uzito wa juu wakati huo, na hakuwahi kuwa bingwa, lakini nyuma yake utakuta amewamaliza John Ruiz kwa sekunde 19, Oleg Maskaev na Hasim Rahman, na wote watatu walikuja kuvaa mikanda. Hiyo ni sifa ambayo Lewis hawezi kumfutia.

Kwa Quarry, anza na Floyd Patterson, bingwa wa zamani, ambaye Quarry alimshinda 1967. Halafu Mac Foster mwaka 1970: Foster alikuwa ameshinda mapambano 24, yote kwa KO, na Quarry akamlaza raundi ya sita. Februari 1973 alikuja Ron Lyle, naye hajawahi kupoteza, akafundishwa ngumi kwa raundi 12. Desemba mwaka huohuo, Earnie Shavers, pengine mpigaji mzito kuliko wote wa kizazi kile, hakumaliza raundi ya kwanza. Nikimwona mtu amewapiga Lyle na Shavers ndani ya mwaka mmoja, huwa sihitaji kuambiwa ana mkanda au hana ndipo nimwite bondia wa daraja la juu.

Sasa tuje kwenye hasara, na hapa nakaa muda mrefu, kwa kuwa hasara humsema bondia kuliko ushindi. Muhammad Ali alipovuliwa ubingwa mwaka 1967, WBA iliandaa mashindano ya watu wanane kumtafuta mrithi. Quarry alifika fainali dhidi ya Jimmy Ellis, Aprili 1968, mjini Oakland. Ellis alikuwa bondia wa kusubiri, mwepesi, mkono wake wa kulia ukiwa hatari pale unapomkurupukia. Quarry naye kwa asili alikuwa mviziaji: anaegemea kamba, anakuacha urushe, kisha anakujibu. Wakakutana waviziaji wawili. Raundi 15 za kuangaliana, umati ukazomea, majaji wakampa Ellis. Pambano lile lilimtaka Quarry asonge mbele, akakataa kusonga.

Mwaka uliofuata akapewa Joe Frazier pale Madison Square Garden, kuwania ubingwa uliokuwa ukitambuliwa na New York na majimbo mengine machache. Frazier ni treni, hajui kurudi nyuma. Ukitaka kumvizia mtu, hutapata anayejileta kuliko yeye. Quarry alifanya nini? Alitoka kona na kumsimamia kifua kwa kifua, wakapigana moja ya raundi za kwanza tamu kuliko zote nilizowahi kutazama. Raundi hiyo ni yake. Zilizofuata si zake, na baada ya raundi ya saba jicho likawa limepasuka kiasi cha pambano kusimamishwa. Kwa hiyo alipigana na Ellis kwa mpango uliofaa dhidi ya Frazier, na Frazier kwa mpango uliofaa dhidi ya Ellis. Mimi naamini hapo ndipo mkanda ulipopotea, wala si kwenye kipaji. Kuchagua namna ya kupigana nako ni sehemu ya ubondia, kwa hiyo simsamehei, ila namkata alama mahali panapostahili na si kila mahali.

Kuna wanaosema alikuwa na bahati mbaya ya ngozi. Ni kweli alichanika kirahisi. Oktoba 1970 Ali aliporejea ulingoni Atlanta, alikabidhiwa Quarry, na pambano likaisha baada ya raundi ya tatu kwa jeraha juu ya jicho. Lakini ngozi inayochanika ni ya bondia mwenyewe, kama vile kidevu kisichohimili ngumi ni cha mwenyewe. Kilichonitoa machozi ya kicheko ni pambano la George Chuvalo, Desemba 1969: Quarry anaongoza, anaangushwa raundi ya saba, anainuka upesi, halafu anapiga goti makusudi ili atumie hesabu yote kupumzika. Hesabu ikafika kumi angali amepiga goti. Mtu wa kipaji kile! Hasara kama hiyo mimi huiandika, ila siipi uzito ule ninaoupa kipigo cha Frazier.

Ukikaa kutazama mapambano ya zamani, zima sauti. Watangazaji walikuwa na wapenzi wao, na Quarry akiwa mzungu aliyeweza kupigana alibebeshwa matumaini ambayo hayakuhusu ngumi hata kidogo, jambo lililomwongezea pesa na pia kumwongezea wanaomdharau. Hesabu raundi mwenyewe kwenye karatasi kabla ya kusikia majaji walisemaje. Tazama miguu ya bondia wako anapochoka, na tazama kama anabadilika mpinzani akimgundua. Quarry dhidi ya Lyle alibadilika. Dhidi ya Ellis hakubadilika.

Na ujue pa kukomea. Mwaka 1974 Frazier alimpiga tena, 1975 Ken Norton akammaliza raundi ya tano, na baada ya hapo yule si Quarry tena. Alirudi ulingoni miaka ya 1980, kisha mwaka 1992 akiwa na miaka 47, wakati ubongo wake ulikwisha kuharibiwa na ngumi. Alifariki Januari 1999 akiwa na miaka 53. Ninapompima mtu nafunga daftari pale alipokuwa bado ana mwili wa kufanya alichokikusudia. Yanayofuata ni habari ya maisha yake na ya waliomruhusu kupigana, na yanastahili kusimuliwa, lakini si alama za ubora.

Kama bado unang'ang'ania mkanda, mfikirie huyo Norton. WBC ilimtangaza bingwa mwaka 1978 akiwa nje ya ulingo, kutokana na ushindi wake dhidi ya Jimmy Young mwaka uliotangulia. Pambano lake la kwanza kama bingwa alishindwa na Larry Holmes. Hakuwahi kushinda pambano la ubingwa wa dunia hata moja, na bado vitabu vinamwita bingwa, huku Young, aliyemshinda George Foreman mwaka 1977, hana kitu. Mimi Norton namweka juu ya Quarry, kwa sababu alimpiga na kwa sababu ya zile raundi zake na Ali, na si kwa ile karatasi.

Quarry namweka nyuma ya Ali, Frazier, Foreman na Norton, bega kwa bega na Lyle. Na namweka juu ya Ellis, aliyemshinda na kuvaa mkanda. Najua wengi watanibishia hapo. Kabla hujaandika, linganisha nani kati yao aliwapiga watu wa hadhi ya Foster, Lyle na Shavers.