Mchumba anaponda nyimbo zangu, eti nitamwaibisha harusini

"Shikamoo shangazi. Nina miaka 29, mchumba wangu ana 33, tunaoana mwakani. Ni mtu mzuri, ananijali, ila kwenye muziki ananinyanyasa. Nikiweka wimbo kwenye gari anauzima hata kiitikio hakijafika, eti masikio yanamuuma. Mbele ya marafiki zake ananiigiza ninavyoimba, wanacheka wote na mimi nacheka. Anasema yeye anasikiliza kila kitu duniani ila sio huo upuuzi wangu. Juzi kaniambia DJ wa harusi atampa listi yeye mwenyewe maana nyimbo zangu zitamwaibisha kwa watu wa kazini kwake. Shangazi mi sio kama wale wa kusikiliza makelele ya matusi, zangu ni nyimbo za mapenzi za kawaida tu. Ni kweli ladha yake ni bora kuliko yangu? Mbona watu wanakuwa hivi? Nijifunze kupenda za kwake? – Niliyezimiwa Spika"

Marahaba mwanangu. Nimecheka kidogo pale kwenye masikio yanayouma, halafu nilipofika kwa DJ kicheko kikaisha, maana hapo tumeshatoka kwenye muziki tunaongelea nani ana sauti kwenye hiyo ndoa. Tutafika huko.

Nianze na hilo la "nasikiliza kila kitu ila sio huo upuuzi". Yani hiyo kauli utaisikia kwa watu wengi mno, na mwaka 1996 mwanasosholojia mmoja wa Marekani, Bethany Bryson, alichapisha utafiti unaoigusa kabisa. Alichoona ni kwamba wenye elimu kubwa kweli wanakataa aina chache za muziki kuliko wengine, wako wazi, wanapenda hiki na kile, ila sasa angalia zile chache wanazozikataa ni zipi: rap, heavy metal, country na gospo, ambazo kwa Marekani ya wakati ule ndo zilikuwa na mashabiki wenye elimu ndogo kuliko wote. Umeona eeh? Mtu anasema kila kitu, kumbe kwenye hiyo kila kitu kuna tobo, na ukichungulia kwenye tobo unakuta watu ambao hataki kabisa afananishwe nao. Mfaransa Pierre Bourdieu alishalisema hilo mapema, kwenye kitabu chake cha mwaka 1979, kwamba tunachopenda kinatumika kuonyesha sisi ni wa tabaka gani, na kabla mtu hajasema anapenda nini huwa anaanza na kusema anachukia nini.

Kwa hiyo mchumba wako akizima wimbo wako sio masikio yanayouma mwanangu. Kajisaliti mwenyewe pale aliposema "watu wa kazini kwangu". Masikio hayana ofisi. Anaogopa. Anaogopa kuna mtu atasikia huo wimbo harusini kwake na kumshusha levo, na wewe ndo utakuwa umemshusha. Huyo ni mtu anayejisikia, sawa, lakini wengi wanaojisikia hivi ukiwakuna kidogo unakuta woga umekaa chini yake.

Wengine pia inaanzia ujanani. Kuna kijana hakuwa mzuri kwenye mpira, hakuwa na hela, hakuwa na maneno ya kuongea na wasichana, ila alikuwa anajua bendi ambazo wenzake hawazijui, na hapo ndo alipopata heshima kwa mara ya kwanza. Sasa mtu kama huyo ukimwambia muziki wote ni sawa umemnyang'anya cheo. Ndo maana utawaona wanaacha kabisa kumpenda msanii akishapata umaarufu, eti kaharibika, na albamu ni ile ile! Muulize wako kama ilishamtokea. Usimuulize kwa shari, muulize tu halafu unyamaze umsikilize, anaweza kukupa stori ambayo hujawahi kuisikia.

Sasa ladha yake ni bora? Hapa sitakudanganya ili nikufurahishe. Nyimbo mbovu zipo. Kuna mtu anajua kupiga gitaa na kuna anayelibembeleza tu, kuna maneno yaliyofikiriwa na kuna yaliyookotwa ili vina vilingane, na aliyesikiliza sana anasikia vitu ambavyo mimi na wewe vinatupita. Kama mchumba wako ana huo ujuzi ni mali, mwachie akufundishe. Ila anayejua na anayependa muziki kweli atakwambia "hebu sikiliza hapa bezi linavyoingia". Huyu wako kakufundisha nini hadi sasa zaidi ya kwamba wewe mshamba?

Na hata hicho kinachoitwa bora, kiasi kikubwa tunaambukizana. Kuna jaribio moja lililochapishwa mwaka 2006, akina Salganik, Dodds na Watts, walichukua zaidi ya watu 14,000 wakawawekea mtandaoni nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, wasikilize na wakitaka wapakue. Wengine walisikiliza bila kuona wenzao wamechagua nini, wengine waligawanywa kwenye makundi mbalimbali ambako kila mmoja anaona nyimbo ipi imepakuliwa mara ngapi na watu wa kundi lake. Nyimbo zilikuwa zile zile lakini kila kundi likatoa vinara wake. Zile nzuri sana hazikuanguka sana, zile mbaya sana hazikupanda sana, ila hapo katikati palikuwa na vurugu tupu, wimbo huku unavuma kule haujulikani. Af hao watu kila mmoja ukimuuliza atakwambia kachagua kwa masikio yake.

Muda nao unatuchekesha. Jazi miaka ya 1920 ilitukanwa kwamba ni kelele za kuharibu vijana, leo ni muziki wa kukaa kimya na kufumba macho kama unaswali, na aliyekuwa anatukanwa ndo anatukana wengine.

Lakini kuna stori nyingine haichekeshi na nataka uisome taratibu. Tarehe 12 Julai 1979, Chicago, kwenye uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, watu walitangaziwa waje na santuri ya disko ili waingie kwa senti 98, halafu katikati ya mechi mbili hizo santuri zikalipuliwa pale uwanjani. Maelfu wakavamia uwanja, mechi ya pili ikashindikana. Wanaoitetea siku ile wanasema ilikuwa utani, kuchoshwa na disko tu. Ila disko ilitoka kwenye kumbi za watu weusi, Walatino na mashoga, na kijana mmoja mweusi aliyekuwa mfanyakazi pale uwanjani amesimulia kwamba santuri nyingi alizoziona hazikuwa hata disko, zilikuwa za muziki wa watu weusi tu. Ndo hivo. Ukiona chuki juu ya muziki ni kubwa kuliko muziki wenyewe, ujue kuna watu nyuma yake wanaochukiwa.

Na hapo mwanangu nakurudia wewe. "Mi sio kama wale wa kusikiliza makelele ya matusi." Umeandika mwenyewe, kwenye barua hii hii ya kulalamika. Na wewe una wa kwako chini ya ngazi unaowakanyaga ili uonekane huko juu kidogo, sasa ukienda kumwambia mchumba aache dharau na wewe uende umeshaacha ya kwako, la sivyo atakuonyesha hilo tobo na atakuwa sahihi.

Kujifunza za kwake: ndio, kama una hamu. Muziki usioujua ukiusikia mara nyingi unazoeleka na huenda ukaupenda kweli. Ila usijifanye. Nimepokea barua za watu waliojifanya wanapenda hiki na kile, miaka inapita hawajui tena wanapenda nini, na mwenzao akija kugundua anaona kadanganywa.

Kule kuigizwa mbele ya marafiki ndo kubaya kuliko yote kwangu, zaidi ya spika. Na wewe unacheka, sasa yeye atajuaje? Acha kucheka. Usinune, usigombane mbele za watu, kaa tu na uso wako wa kawaida, halafu mkiwa wawili mwambie kwa ufupi: ile inaniumiza na sitaki uirudie. Usianze kumhutubia kuhusu Bourdieu, hizo nimekupa wewe uelewe, ukimpelekea atabishana na utafiti badala ya kukusikiliza. Kwenye gari wekeni zamu na wimbo ukianza unaisha, hilo dogo hata halihitaji kikao.

DJ sasa. Harusi ni ya wawili, listi itoke kwa wawili. Kila mmoja aandike za kwake, na kila mmoja awe na haki ya kukata nyimbo tatu za mwenzake bila kuulizwa sababu, zilizobaki zinaenda kwa DJ na hakuna kulialia. Na wanaokuja harusini wanataka kucheza, hao watu wa kazini anaowaogopa nakuhakikishia nusu yao wanazijua nyimbo zako kwa moyo na wanaziimba bafuni.

Akikubali, hata kwa kununa, bas mmemaliza. Akikataa, nataka uangalie pembeni ya muziki. Anakusahihisha unavyovaa? Unavyoongea mbele ya wakubwa zake? Rafiki zako nao kashawaponda wakapungua? Ikiwa ni nyimbo tu huyo anatibika na wala usihangaike sana. Ikiwa na hayo mengine yapo, niandikie tena haraka, na uniandikie kabla hamjachapisha kadi.