Bima imekataa upasuaji wa taya la mtoto: pa kuanzia

Pole sana, dada. Bima ya huko Marekani ikisema upasuaji wa taya la mwanao ni urembo tu, usikimbilie kulipa mfukoni. Soma barua yao. Kama mkataba umeutenga waziwazi upasuaji huo, hoja za kitabibu hazitafua dafu. Mfuate mwajiri aliyekupa bima umwombe auruhusu, hasa kama ni yeye, si kampuni ya bima, anayelipa gharama za matibabu. Kama wamesema hauna ulazima wa kitabibu, una siku 180 za kukata rufaa.

Waombe faili lote pamoja na vigezo walivyotumia. Kisheria ni bure. Rufaa hukwama daktari anapoandika "anatafuna kwa shida" bila vipimo. Barua yake ijibu kigezo kimoja kimoja: meno ya juu yametangulia ya chini kwa milimita ngapi (5 na zaidi hutajwa sana), eksirei ya kichwa iliyopigwa kwa upande, picha za meno yakiwa yameumana, na kipimo cha usingizi kama mtoto anakoroma na kukatika pumzi. Aombe pia kuzungumza kwa simu na daktari wa bima.

Wakikataa tena, una miezi 4 ya kudai mapitio ya nje, yaani yanayofanywa na watu huru wasio wa bima, na uamuzi wao unaifunga bima. Tuma barua zako kwa posta ya rejista, ubaki na nakala.