Prokirasyo iandikwe mzee akiwa bado na akili zake

Familia nyingi hapa Lubumbashi hukumbuka prokirasyo, yaani hati ya kumpa mtu uwezo wa kutenda kwa jina lako, mzee akiwa amekwisha kulazwa. Mara nyingi hapo hakuna tena la kufanya.

Papa yetu alipopigwa na kiharusi, maneno yalimpotea. Alikuwa na pensheni inayopitia benki na nyumba za kupangisha kule Katuba, zote kwa jina lake. Dawa zilihitajika kila siku, pesa zake zilikuwapo, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Yaya, dada yetu mkubwa, akamwita notere, afisa anayethibitisha hati, hospitalini. Karatasi ilikuwa tayari, kidau cha wino kimefunguliwa, yaya ameshika kidole gumba cha Papa. Notere akainama: "Papa, unajua unatuma nani, na kwa kazi gani?" Papa akamtazama tu. Akauliza tena, kisha akafunga faili lake. "Mama, siwezi kuandika kwamba mzee ametaka, wakati sijui kama ametaka." Yaya alilia, lakini notere alikuwa na haki. Wako wazee ambao paseli zao, yaani viwanja vyao, ziliuzwa kwa kidole kilichoshikwa hivyo hivyo.

Tukachangishana dawa kwa miezi, pesa ya Papa imelala benki.

Sheria yetu ya mikataba, ya mwaka 1888, inamruhusu mtu kumpa mwingine uwezo wa kutenda kwa jina lake. Lakini hati inayosema tu "asimamie mali yangu" inamtosha mwakilishi kukusanya kodi, kulipa na kukarabati. Kuuza nyumba au kuiweka rehani ni lazima kutajwe wazi. Mimi naiona hiyo ni kinga kubwa: kama shida yako ni dawa zilipwe, usimpe mtu ruhusa ya kuuza. Tena, hati hukoma mahakama ikitangaza kwamba aliyeitoa hana uwezo wa kujisimamia.

Wenzetu wameliona pengo hilo. Huko Marekani, jimbo la Virginia lilikubali mwaka 1954 hati inayoendelea kuwa na nguvu hata akili ya mwenyewe ikipotea, na leo majimbo yote yanayo. Ufaransa ilitunga sheria yake mwaka 2007. Ndugu zetu mnaoishi huko, iandikeni mapema. Msidhani ndoa inatosha: akaunti iliyo kwa jina la mume peke yake haimfungukii mke kwa sababu tu mume ameugua.

Kwa sisi wa hapa, nenda na mzee kwa notere angali anasema na kusaini mwenyewe. Mwombe notere aandike waziwazi kwamba mzee anataka hati iendelee hata akiugua. Mahakama ikiingilia kati, angalau hakimu atasoma ni nani aliyeaminiwa. Kisha pitieni benki wote wawili, maana benki nyingi zina fomu zao na hutaka kuiona saini ya mwakilishi.

Kuhusu wa kumchagua, mtoto wa kwanza si lazima awe yeye. Tazama anayetunza risiti na anayekubali kuulizwa na wenzake bila kukasirika. Na mzee akifariki, prokirasyo inaishia hapo hapo. Msiipeleke benki hata kwa ajili ya kulipia kilio. Mali inaingia mikononi mwa msimamizi wa mirathi.