Unadaiwa mkopo ambao hukuchukua: anzia hapa

Habari dada. Umesema kitambulisho kilipotelea kwenye matatu ya Kondele, na sasa unapigiwa simu kulipa mkopo ambao hukuukopa. Pole sana.

Usilipe hata shilingi moja ili wakuache. Ukishalipa, ni kama umekubali deni. Binamu yangu hapa Kisumu yalimpata hayo hayo, na kilichomwokoa ni karatasi.

Kama uko Safaricom, piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoijua, iripoti papo hapo. Mitandao mingine waulize dukani kwao. Kisha nenda polisi upate namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) na abstrakti, yaani karatasi ya polisi inayothibitisha umeripoti kitambulisho kupotea. Sisitiza siku kilipopotea iandikwe! Mkopo ukiwa ni wa baada ya siku hiyo, una pa kusimamia.

CRB, yaani kampuni zinazoweka rekodi za mikopo ya watu, ziko tatu: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Kila moja inapaswa kukupa ripoti bure mara moja kwa mwaka, kwa hiyo chukua zote, maana deni laweza kuonekana kwa moja na kukosekana kwa nyingine. Lipinge kwa maandishi, uambatishe abstrakti. Mkopeshaji akikaidi, mshtaki kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data chini ya sheria ya 2019.

Kama uko Safaricom, piga pia *100*100# wakala asiweze kuihamishia laini yako kwenye kadi nyingine (SIM swap).

Barua ya kupinga ikikusumbua, iweke hapa, namba zako ukizificha, tuirekebishe pamoja.