Jibu: Fundi bomba Uingereza, nimechelewa kujisajili VAT (kodi ya ongezeko la thamani)

Pole sana ndugu yangu. Kwa kuwa mapato yako ya miezi 12 yalivuka pauni 90,000 mwishoni mwa Machi, ulipaswa kuwaarifu HMRC (mamlaka ya kodi ya Uingereza) kufikia 30 Aprili, na VAT unadaiwa tangu 1 Mei. Jisajili leo hii, usisubiri barua yao! Ukijitokeza mwenyewe kabla ya miezi 12 kupita tangu kodi ilipopaswa kulipwa, na hukukusudia kuchelewa, faini inaweza kushuka hadi sifuri. Kodi yenyewe haifutwi.

Wateja waliosajiliwa VAT waandikie ankara ya VAT ya 20%, kwa kawaida wao hurudishiwa kodi hiyo. Wa majumbani ndio mtihani: wakikataa kuongeza hiyo 20%, moja ya sita ya walichokulipa ni kodi. Kusanya risiti zote za mabomba na vifaa, zitapunguza deni.